Ushuhuda Uliokula Mguu wa Mama

Mfuko wa dawa za mama niliutupa mimi. Wacha niliseme hilo kwanza, maana nikianza na mchungaji mtadhani mimi nilikuwa mtazamaji tu. Ilikuwa Jumapili, kanisani kwetu Kidodi, na mama alikuwa mbele akishuhudia kwamba Bwana amemponya sukari. Mchungaji akauliza, "Hizo dawa sasa ni za nani?" Tukajibu kwa kelele, "Za shetani!" Basi mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikauchukua ule mfuko pamoja na kadi yake ya kliniki, nikazunguka nyuma ya kanisa, nikavitumbukiza chooni. Nikarudi ndani napiga vigelegele. Mjinga mkubwa!

Mimi naishi Mikumi, napikia madereva wa malori pale barabarani, na Kidodi nilikuwa nakwenda Jumapili kwa Jumapili. Nikimuuliza mama hali, jibu lilikuwa lile lile: "Mzima kwa jina la Yesu." Nilipenda kulisikia, likanitosha. Soksi alizokuwa anavaa kwenye joto lile niliziona. Sikuuliza.

Aliyenizindua ni jirani yake, mama mmoja wa Kiislamu ambaye wamezeeka pamoja ukuta kwa ukuta. Alinipigia simu nikiwa nakaanga samaki. Nikamwamkia.

"Shikamoo yako nitaipokea siku nyingine," akasema. "Njoo umwangalie mama yako mguu. Kanikataza nisiseme, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo chake sikitaki."

Niliwaacha samaki kwenye mafuta. Nilipomvua mama soksi ya kushoto, ilitoka na ngozi. Kidole kidogo kilikuwa cheusi tii na kidonda kilikuwa kimepanda hadi juu ya unyayo. Harufu yake sitaieleza.

"Inuka twende hospitali."

"Siendi."

"Mama!"

"Nimeshashuhudia mbele za watu," akasema. "Leo nikionekana nimekaa kwenye benchi la hospitali, watasema nini? Kwamba Mungu kashindwa? Nimwaibishe Mungu na uzee huu?"

Nililia kwa hasira. Mungu gani huyo wa kuaibishwa na kidole cha bibi kizee? Lakini mama akisema ng'o, ni ng'o. Nilimbembeleza mpaka jua likageuka, ndipo akalegea kidogo. "Labda mchungaji aniambie mwenyewe," akasema. "Yeye akisema niende, nitakwenda."

Neno moja tu! Nikatoka mbio.

Mchungaji wetu ni kijana, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, lakini mimi ndiye niliyekuwa namwita baba. Alinipokea vizuri, mke wake akaniletea chai. Nikaeleza yote, harufu pamoja. Nikapiga magoti kwenye sakafu yake.

"Baba mchungaji, mwambie aende tu. Basi."

Akanitazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyonichoma kuliko matusi. "Mama, hizo ni dalili tu. Adui anataka kurudisha alichonyang'anywa. Nikimwambia aende, nitakuwa nimeikana kazi ya Mungu. Wewe ndiye unayehitaji maombi."

"Kidole kimeoza!"

"Usikiri hivyo, mama."

Mke wake alikuwa amesimama pale pale na birika mkononi. Hakufungua mdomo. Nilimchukia na yeye.

Jumapili ilikuwa keshokutwa yake. Nikasimama bila kuitwa, nikasema, "Mama yangu hajapona. Mguu wake unaoza. Dawa zake nilizitupa mimi, na nilikosea." Nilidhani sasa nimeokoa mtu. Thubutu! Mama mwenyewe akainuka, akaja mbele.

"Mwanangu kaingiwa na roho ya mashaka!" akasema. "Mimi ni mzima!"

Akaanza kucheza. Kwaya, ikiongozwa na mke wa mchungaji, ikapandisha sauti, ngoma zikaingia. Mama yangu, wa miaka karibu sabini, akarukaruka juu ya mguu ule mpaka saruji ikaloa. Watu wa viti vya mbele waliona. Nasema waliona! Walichofanya ni kuinua macho darini na kuendelea kupiga makofi. Hawa ni watu niliokula nao, niliozika nao, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kumzuia. Hadi leo nikikutana nao dukani damu inanichemka.

Alianguka wimbo ukiendelea. Tulimbeba mimi na kijana wa bodaboda, tukapata gari hadi hospitali ya Kilosa. Daktari alimwangalia, akaniangalia mimi, akauliza mlikuwa wapi. Wakaukata mguu chini ya goti.

Jumapili iliyofuata mchungaji akahubiri. Akasema mama alikuwa amepona kabisa, ila maneno yangu ya mashaka ndiyo yaliyomfungulia adui mlango. Mtu akarekodi na kurusha kwenye grupu la kanisa, na mama akayasikia akiwa bado kitandani. Aliomba nirudie kumwekea tangu mwanzo. Nikakaa nikingoja anilaumu.

"Kumbe mguu wangu umekatwa na mdomo wako," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Nyamaza. Siku ile nacheza nilijua kwamba unaoza. Na yeye alijua. Nilimwonyesha wiki nzima kabla hujaja kumpigia magoti. Akaniambia nivae soksi, waumini wasije wakakwazika."

Nilitoka nje ya wodi maana nilitaka kuvunja kitu. Nilizunguka uwanja wa hospitali nikiongea peke yangu, watu wananipisha. Alijua! Alinikalisha, akaninywesha chai, akanipa pole, huku anajua!

Watu wa Mikumi wananiuliza kama bado nasali. Nasali. Mungu sikumwacha. Niliyemwacha ni yule tuliyekuwa tunamkinga asiaibike, kana kwamba ni mtoto, na kumbe aibu yote ilikuwa yetu.

Mama alipozoea magongo, akasema nimpeleke kanisani. Nilikataa. Akasema atapanda bodaboda mwenyewe. Basi nikampeleka, nimenuna njia nzima. Hakungoja wakati wa shuhuda. Alipita katikati ya viti, magongo yanagonga saruji, akageuka akatutazama.

"Bwana asifiwe."

Wachache waliitika.

"Nilisimama hapa nikadanganya," akasema. "Mungu hakunituma. Nilitaka nionekane nina imani, na ninyi mlitaka kuona. Sasa nawaulizeni. Humu ndani nani mwingine anaumwa na anajifanya mzima?"

Mchungaji akashika kipaza sauti. "Tumshukuru Mungu kwa ajili ya mama yetu..."

"Kaa chini, mwanangu," mama akamwambia. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Mchungaji akabaki amesimama na kipaza sauti chake.

Watu wakatazama miguu yao. Mtu mmoja akakohoa. Mama akaegemea magongo, jasho linamtiririka, nikainuka kumshika, akanikatalia kwa jicho.

"Nitasimama hapa hapa mpaka mtu aseme kweli," akasema. "Nina mguu mmoja, msinichoshe."

Kisha kwenye kiti cha mbele kabisa akasimama mke wa mchungaji. Mumewe hakumwangalia.

"Ni titi," akasema. "Lina uvimbe, tangu mwaka jana."

"Mke wangu," mchungaji akasema, na sauti ikatoka kwenye spika, kanisa zima likasikia. "Kaa."

Hakukaa. Akamwendea mama, akamshika mkono, sijui nani alikuwa anamshikilia mwenzake, wakaanza kutoka. Mimi nikawatangulia mbio barabarani kutafuta gari la Kilosa.