Mipangilio Tuliyoiweka Garissa

Miaka ile niliyofanya kazi Garissa, ofisi yetu ilikuwa ya vyumba viwili na kazi moja: kuwatumia wafugaji ujumbe wa simu. Siku ya chanjo, kisima kilichokauka, soko la mifugo lililoahirishwa. Ujumbe ulipitia seva tatu zilizosaidiana, moja pale kwetu, moja Ifo, moja Hulugho, kila moja ikihudumia watu wa upande wake.

Mimi nilitoka Voi. Mwenzangu alikuwa mzaliwa wa Sangailu aliyekaribia kustaafu, na ujana wake wote aliumaliza kwenye redio za mawasiliano. Vijana wote ofisini walimwita adeer, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake, nami nikafuata. Yeye aliniita abaayo, dada.

Tulibishana wiki nzima juu ya mipangilio ya pamoja: orodha ya vijiji, lugha ya kila kijiji, nani ana ruhusa ya kutuma. Seva zote tatu ziliihitaji. Ikae wapi?

"Ikae hapa Garissa tu," nilisema. "Kila seva ije kuisoma hapa."

"Na mtandao ukikatika, abaayo? Kila seva ibewe yake." P yake ilikuwa b, na nilishaizoea.

"Kila moja ikiwa na yake, adeer, baada ya mwezi tutakuwa na orodha tatu tofauti."

Akaguna, akamimina chai. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kompyuta, mpango wangu ukapita.

Mvua zikaja. Mtandao wa seva kati yetu na Hulugho ukakatika asubuhi moja, ingawa simu za kule zilifanya kazi; umeme nao ukaenda na kurudi. Afisa wa mifugo wa kule alitaka kuwaarifu watu kwamba chanjo imehamishwa, njia imejaa maji. Seva yake ilipowaka tena, ilitafuta orodha Garissa, isiipate. Haikujua hata kijiji kimoja. Ujumbe haukwenda.

Siku chache baadaye mama mmoja alipiga simu ofisini. "Nimetembea na mbuzi siku mbili," aliniambia. "Ndogo mbili nimebeba mwenyewe. Nimefika, hakuna mtu. Kwa nini mlinyamaza?"

Nilimwomba radhi.

"Allah akusamehe," akasema. "Lakini siku ingine niambie."

Nilipokata simu nilimgeukia adeer, nikingoja aseme alinionya. Badala yake alipasua boksi la karatasi, akaligeuza upande usio na maandishi, akachora seva tatu.

"Hata mimi nilikosea nusu," alisema. "Zamani kila kituo cha redio kilikuwa na daftari lake la masafa. Siku moja tuliita Hulugho kutwa nzima. Kumbe wao wako kwenye ukurasa wa zamani, wanatusubiri kwenye masafa tuliyokwisha kuyaacha."

Tukakubaliana hapo hapo. Mabadiliko yafanyike Garissa peke yake, kisha nakala isambazwe kwa seva zote, ikiwa na namba ya toleo. Kila seva ihifadhi nakala kwenye diski yake, na mtandao ukikatika isome hiyo; ukirudi, iulize kama kuna toleo jipya zaidi.

Nilifanya kazi hiyo siku kumi. Adeer akasafiri mwenyewe hadi Hulugho, akachomoa waya wa mtandao, akaizima seva na kuiwasha. Kisha akanipigia kwa simu yake, akipiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Imewaka, abaayo! Inajua watu wake wote!"

Mvua zilizofuata mtandao ulikatika tena, siku nne. Ulipotulia nilimtafuta yule mama, nikamuuliza kama alipata habari kwamba chanjo imeahirishwa.

"Nimepata," akasema. "Nimekaa kwangu na mbuzi zangu."

Sasa niko Nairobi. Data zetu zinatunzwa na kampuni kwenye majengo ambayo sijawahi kuyaona, na mpango ukiandikwa hupitishwa kwa barua pepe, bila mtu kuguna. Adeer alistaafu akarudi Sangailu. Kila Idi ananipigia kuniuliza hali, na kabla hajakata huniuliza kazini siku hizi nabishana na nani. Huwa namwambia ukweli, kwamba sina mtu, naye huguna upande wa pili.