Ufunguo wa Chumba cha Kukaushia

Jioni ile Mama Waya alichuja chai ileile mara mbili. Aliimimina kwenye chupa, akaitoa, akairudisha sufuriani, akaichuja tena, kisha akakaa dirishani akautazama mlango wa chumba cha uani. Giza lilikuwa limeshaingia, na mle chumbani taa haijawashwa. Katika chumba hicho alikaa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, na wifi alikuwa bado kiwandani, kwenye kikao.

"Hiyo chai imekukosea nini?" mumewe aliuliza kutoka kitini.

"Nasubiri habari."

"Za dada yangu, au zako?"

Alikikung'uta kichujio. Mume akacheka peke yake, akafumba macho. Ana raha huyu, Mama Waya aliwaza. Dada akishinda, ni dadaye. Mke akishinda, ni mkewe. Yeye hana pa kushindwa.

Mama Waya aliingia kwenye kiwanda cha sabuni akiwa na mimba ya kwanza, kazi yake kufagia. Bosi wa zamani alimwona ana jicho la kupima, akamfundisha kukata sabuni: mche mrefu unalazwa mezani, mkataji anavuta waya uliokazwa kwenye vijiti viwili, na kipande kinaanguka kimenyooka kama rula. Miaka kumi na tisa amevuta waya huo, mpaka jina lake la nyumbani likasahauliwa. Alipofanywa msimamizi alipewa pia ufunguo wa chumba cha kukaushia. Sabuni mbichi hukaa humo wiki tatu rafuni, na katika wiki hizo haingii mtu ila mwenye ufunguo, maana mlango ukifunguliwa ovyo unyevu unaingia na sabuni inatoa jasho. Ufunguo ule aliufunga kwenye kitambaa, akautia mfukoni, na hata Jumapili alikuwa nao.

Enzi za Bosi, neno la msimamizi lilikuwa neno. Bosi alipozeeka akaja mwanawe, Meneja, kijana wa daftari na kalamu mbili, akatangaza kwamba bidhaa mpya zitabuniwa na wafanyakazi wenyewe, na watazipigia kura. Kura ni vipande vya sabuni: cheupe maana yake ndiyo, cha bluu maana yake hapana. Vinatumbukizwa kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa.

"Kura zetu hata zikiibwa, mwizi ataishia kunawa," alisema Mzee Pipa, mpishi wa sabuni, na wafanyakazi wote thelathini na mmoja wakacheka.

Mama Waya naye alicheka, mpaka Meneja aliposoma sharti la mwisho: wasimamizi hawapigi kura, wala hawakai kwenye kikao cha kura, vibarua wasije wakawaogopa. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Na bidhaa iliyopigiwa kura jioni hii ilikuwa ya wifi. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba.

Wifi alikuwa kibarua wa kufunga sabuni kwenye karatasi, mwaka wa pili. Ndoa yake ilipovunjika alikuja na sanduku moja, na Mama Waya mwenyewe ndiye aliyempa chumba cha uani, akamwombea kazi, akamshika mkono kumpitisha getini. Siku moja kwenye mkutano wifi alisimama, akanyanyua kipande kipya cha sabuni alichokichimba kishimo tumboni kwa kijiko.

"Nyumbani kile kipande cha mwisho, kile chembamba, tunakitupa," alisema. "Hiki kipya kina kishimo. Cha zamani unakilaza humu, unalowesha, unabana, vinakuwa kitu kimoja. Hakuna cha kutupa."

Watu wakapiga makofi. Mama Waya alihisi damu imempanda masikioni. Kubandika sabuni ya zamani kwenye mpya kwa kidole gumba? Hiyo ilikuwa kazi yake! Kila mwisho wa sabuni, kwenye karai lake, miaka yote, na miaka hii miwili wifi kasimama pembeni anamtazama. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu cha karaini kinaweza kusemwa mbele ya watu. Kilikuwa chake, kikapita mbele ya macho yake kimevaa nguo za mwingine.

"Unacheza na sabuni, wifi," alimwambia siku ile, kwa sauti ya kusikika na wote. "Sabuni ya kuogea itakuwa na kitovu?"

Walicheka, lakini hawakucheka kwa upande wake.

Mlango wa geti ulilia, ukamtoa Mama Waya mawazoni pale dirishani. Wifi aliingia mbio, viatu mkononi.

"Wifi! Wifi yangu! Vyeupe ishirini na mbili!" Alimkumbatia Mama Waya akiwa bado ana kichujio mkononi. "Wanatengeneza vipande mia vya majaribio. Baada ya wiki tatu mlango unafunguliwa mbele ya wote, vipande kumi vya zamani vinajaribiwa. Vikiingia, sabuni inaenda sokoni na mimi naajiriwa. Visipoingia, kibarua changu kinaishia mwezi huu. Na unajua wamesema nini? Ufunguo ubaki kwako. Wamesema Mama Waya tunamwamini."

"Hongera," alisema Mama Waya. "Kunywa chai."

Chai ilikuwa chungu kama shubiri, lakini wifi aliinywa yote.

Kesho yake waliikata sabuni ya majaribio. Wifi alikuja mezani na kipande chembamba cha zamani, akakilaza juu ya kibao kitakachotumika kupimia vishimo, akachora mstari kukizunguka, sawasawa, bila kuacha hata upana wa uzi. Mama Waya alisimama na waya wake, akatazama.

Yeye alijua. Meza yake ina alama zilizochongwa na Bosi wa zamani, na alama hizo ni pana kidogo kuliko picha iliyo kwenye karatasi ya kufungia. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Sabuni mbichi ni kama nguo ya sufu: ikikauka inajikunja, na kishimo chake kinajikunja nayo. Kishimo kilichochimbwa leo kwa kipimo cha leo, baada ya wiki tatu kitakuwa kimebana. Kipande cha zamani, ambacho kimeshakauka zamani, hakitaingia ng'o.

"Kiko sawa, wifi?" wifi aliuliza, jasho puani.

Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Mbunifu ni wewe. Mimi ni wa waya tu."

Wiki tatu hizo alikuwa kama mtu mwenye punje ya mchanga kwenye jicho. Kila asubuhi alifungua chumba, akageuza vipande mia kimoja kimoja, akaingiza ncha za vidole vitatu kwenye vishimo. Wiki ya kwanza vidole viliingia kwa raha. Wiki ya pili viligusa ukingo. Na kila jioni wifi alimngoja nje, akamwuliza, "Vinaendeleaje watoto wangu?" naye akamjibu, "Vinalala." Kazini walimwita wifi Mama Kishimo, hata wasichana wa kufunga karatasi walikwenda kumwuliza mambo ambayo zamani walimwuliza Mama Waya. Mumewe alianza kumsifu dada mezani. Binti yake wa mwisho alileta sabuni ya nyumbani, akaichimba kwa kijiko.

"Mama, angalia nimefanya kama shangazi!"

"Kama shangazi?" Mama Waya alimpokonya kijiko. "Nani alikuwa anakubandikia sabuni ukiwa mtoto?"

Binti alimtazama kwa mshangao. "Wewe. Kwani si ni kitu kimoja?"

Mama Waya alikaa chini, kijiko mkononi. Kitu kimoja. Mtoto hakuwa na kosa.

Siku ya kufungua, wote thelathini na mmoja walijipanga mbele ya chumba cha kukaushia. Mzee Pipa alishika sahani yenye vipande kumi vya zamani kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Meneja alikuwa na daftari. Wifi alikuwa amevaa gauni lake la kutokea.

"Fungua, mama," Meneja alisema.

Mama Waya aliufungua mfundo wa kitambaa, akautoa ufunguo. Mkono ukasita kwenye kitasa.

"Usiniambie umesahau upande wa kuuzungushia," Mzee Pipa alitania.

"Havitaingia," Mama Waya alisema.

"Havitaingia vitu gani?" Meneja aliuliza.

"Vipande. Sabuni imejikunja. Kishimo kilitakiwa kichimbwe kipana zaidi, upana wa punje ya mchele kila upande. Nilijua siku ileile tuliyokata. Nilinyamaza." Alimgeukia wifi, na hata pale, mbele ya uso ule uliobadilika rangi, moyoni kulikuwa na sauti ndogo ikisema: sasa wamejua nani anaijua sabuni. Aliisikia, akaionea aibu, lakini haikunyamaza. "Nilikuonea kijicho, wifi. Nipe adhabu yoyote, ila usihukumiwe wewe kwa sabuni hii."

Wifi hakulia. Alisema polepole, "Kila jioni nilikuuliza. Kila jioni, wifi."

Meneja alifunga daftari. "Hili ni la uongozi. Mama, kachukue vitu vyako."

"Ngoja kwanza, Meneja," Mzee Pipa aliweka sahani chini. "Wewe ndiye uliyetufundisha ndoo. Au ndoo ni ya sabuni tu, watu hawamo?"

Meneja alilitia daftari kwapani, akaitikia kwa kichwa. Ndoo ikaletwa, na maswali yakawa matatu, kila moja na kura yake. Mama Waya alisimama kando, mikono mitupu, akisikia vipande vikianguka kimoja kimoja. Kwenye swali la kwanza wifi alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya ndoo muda mrefu, ngumi imefumbwa, na alipoachia hakuna aliyeona rangi.

Kila mara walivimwaga mezani. Mama Waya abaki kwenye waya: vyeupe vilizidi kwa viwili. Sabuni ikatwe upya kwa kipimo chake, wifi angoje wiki tatu nyingine na kibarua chake kisiguswe: vyeupe karibu vyote. Ufunguo utoke kwake: vyeupe vyote, hata kimoja cha bluu hakikuonekana.

Aliutoa kitasani yeye mwenyewe, akauweka kwenye kiganja cha wifi pamoja na kitambaa. Wifi alirudisha kitambaa, akabaki na ufunguo.

"Kesho njoo mezani mapema," wifi alimwambia, bila kumtazama. "Utanionyesha hiyo punje ya mchele."

Watu wakatawanyika. Mama Waya alijikuta anapapasa mfuko, akatoa kitambaa kitupu. Mbele yake wifi aliusukuma mlango kwa kiganja mara mbili, kuhakikisha umefungwa, vilevile kama yeye alivyofanya kila jioni kwa miaka yote. Hata hilo alikuwa amelitazama, akalishika. Mlango haukutikisika.