Jina la Mama kwenye Chupa za Bangi

Nilipoona mchoro wa ile lebo nilikuwa kwenye mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, hapa Guangzhou, mbele yangu bakuli la tambi, na tambi zikanishinda palepale. Kwenye simu kulikuwa na chupa ya mdomo mpana, jani la bangi limekaa katikati, na juu ya jani, kwa maandishi ya dhahabu, jina la mama yangu. Si lile la kwenye vyeti. Ni lile la mtaani, alilopewa Tanga kwa sababu ya achari yake, ambalo mpaka leo ukilitaja Ngamiani watu wazima wanameza mate.

Aliyenitumia ni shoga yangu wa zamani. Nasema wa zamani kwa makusudi. Tulikua pamoja, tukaja Guangzhou pamoja, tukalala chumba kimoja Xiaobei tukibanana na marobota ya nguo za soko la Guangyuan Xilu. Kwao hakukuwa na utulivu, hivyo karibu utoto wake wote alikula kwenye sinia letu, na mama alimwita mwanangu wa pili. Hapa tulikuwa na mradi wetu wa kuota: tukipata mtaji tutatafuta chupa nzuri, tutachapa jina la mama, achari yake itoke kwenye makopo ya maziwa ya unga ikae dukani kama bidhaa za wenzetu. Mama tulipompigia kumwambia, alicheka akasema haya, jina nimewapa.

Kisha mwenzangu akapata mume, akaenda Amerika. Kwa hilo sina neno naye. Lakini mama alipougua, mwenzangu alijua. Mama alipofariki mdogo wangu alimpigia yeye mwenyewe, naye akamjibu yuko kazini, atarudi kupiga. Hakurudi kupiga. Hata pole ya maandishi hakuleta. Miaka imepita, sasa anakuja na jani la bangi.

Nilimpigia nikiwa na mate machungu mdomoni.

"Shoga, huku bangi halali," akaniambia, sauti imechangamka kana kwamba tuliagana jana. "Watu wanafungua maduka ya bangi kama ya mikate. Mimi nishapata fremu, nasubiri kibali cha jiji tu. Nishikie hiyo oda, wewe ndiye unayewajua malaoban, wale mabosi wa chupa."

"Na jina?"

"Jina zuri lile, la Kiafrika. Linauzika."

Linauzika! Mama yangu aliyekuwa akiwasikia vijana wakivuta bangi nyuma ya ukuta wa bafu letu, akipanda juu ya ndoo na kuwamwagia maji ya achari ya pilipili, wakakimbia wanapikicha macho mtaa mzima unacheka. Huyo ndiye jina lake linauzika kwenye bangi. Na msemaji ni mtu aliyekuwepo, aliyekuwa akimshikia mama ile ndoo.

Ningeweza kumtukana nikakata simu. Nilikuwa na matusi ya kutosha, tena ya Kitanga. Lakini angempata mwingine, maana Guangzhou haikosi mtu wa kushika oda, na chupa zingekwenda. Nikasema sawa, mwaya, nitakushikia. Nilitaka jina la mama lipite mikononi mwangu kwanza. Nitalifanya nini nilikuwa sijui, ila nilijua halifiki kwenye bangi nikiwa hai.

Hapa inabidi nieleze maneno mawili, maana kila kitu kilikuja kuwa humo. Mgeni akiingia sokoni Guangzhou akauliza mzigo, Mchina akiwa hataki kuinuka humjibu mei you, yaani hakuna. Mgeni anageuka anaondoka. Sisi tuliozoea tunavuta kiti tunakaa. Tunaulizia watoto, tunanywa chai yake, tunauliza tena, na mei you inageuka kuwa kesho, au kuwa rangi nyingine, au mzigo unatoka chini ya meza. Mei you ni subiri. Neno lenye kukataa ni bu xing, hilo hata ukikaa mpaka kiti kiote mizizi halibadiliki. Shoga yangu, kwa miaka yote aliyokaa hapa, hakuwahi kujifunza tofauti. Akiambiwa mei you ananuna, anachukua mkoba wake, ananiacha mimi nimekaa. Mizigo yetu mingi mizuri niliipata mimi, baada ya yeye kutoka.

Nilipeleka mchoro kwa mama mmoja wa Kichina mwenye karakana ya chupa, mtu ninayefanya naye kazi tangu zamani. Alitazama lile jani, akavua miwani, akaniangalia usoni.

"Bu xing," akasema.

Nikamwambia ni chupa tupu, zinakwenda nchi ambako ni halali. Bu xing. Jani hilo halitapita kwenye mashine zake. Jina atachapa, vifuniko vile vya kuzuia watoto, vya kubonyeza ndipo uzungushe, atatengeneza, lakini jani hapana. Nilipomwambia shoga yangu, alisonya akasema basi, jani atabandika mwenyewe hukohuko. Kwa hiyo zikachapwa hivyo, chupa safi, jina la mama kwa dhahabu na chini yake pako patupu.

Zilikuwa tayari zimepakiwa kwenye maboksi aliponipigia akilia. Jiji lao limesitisha vibali vya biashara ya bangi. Akanitumia picha ya tangazo, nikaiweka kwenye simu yangu initafsirie, nikasoma taratibu. Halmashauri ilisema inasimamisha kwa muda utoaji wa vibali wakati ikiandaa kanuni za kupanga maeneo: maduka yakae mtaa gani, yawe mbali kiasi gani na shule, na nyumba za ibada, na makazi ya watu. Fremu yake ilikuwa inatazamana na shule.

Kwa muda. Wakati ikiandaa. Nilisoma mara ya pili, nikatabasamu peke yangu. Ilikuwa mei you tupu. Jiji zima la Amerika linamwambia vuta kiti, dada, subiri.

"Wamenikatalia!" akalia. "Wameniua, shoga. Wewe unaonaje?"

Aliniuliza. Hapo ndipo ningeweza kumwambia. Ningesema tulia, hiyo si kukataa, tafuta fremu mbali na shule, chupa nakuwekea ghalani. Mama angemwambia hivyo, na angemwambia akimpakulia chakula.

"Pole, mwaya," nikasema. "Wakubwa wakishasema, mimi nawe tutafanya nini?"

Nilijitia hamnazo kabisa, na roho yangu ilisuuzika. Alilia mpaka akapandisha hasira, halafu akafanya kama afanyavyo siku zote, akachukua mkoba wake. Akaniachia ujumbe wa sauti: "Hizo chupa sizitaki hata kuzisikia. Tupa, gawa, fanya unavyojua. Nimekuachia, ni zako."

Ujumbe huo nimeuhifadhi. Nikiwa na siku mbaya huwa nausikiliza.

Mwarabu mmoja wa Tanga alikuwa anajaza kontena lake la makochi, akanipa nafasi, na chupa zikapita bandari ya Nansha zikiwa zimejibana katikati ya mito ya sebuleni. Mdogo wangu alizipokea. Alifungua boksi la kwanza akaona jina, akanipigia. Halafu akaenda sokoni kununua ndimu.

Sasa achari ya mama iko madukani, ina jina lake kwa dhahabu, na pale palipokuwa pa jani mdogo wangu amebandika picha ya ndimu. Kero ni vile vifuniko. Bibi zetu wanabonyeza, wanazungusha, wanalaani, mwisho wanawapa wajukuu wawafungulie. Kila nikisikia habari hizo nacheka mpaka machozi.

Kanuni za jiji zikaisha kuandikwa, kama nilivyojua zitaisha. Shoga yangu akanipigia, furaha tele, hakuuliza hata nimeamkaje. "Wamefungua! Nimepata fremu nyingine, mbali na shule. Chupa zangu ziko wapi?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nilimtumia ile sauti yake mwenyewe, ni zako, halafu picha ya rafu ya duka la Ngamiani, chupa zimepangwa, ndimu zinaonekana ndani ya mchuzi wa manjano. Nikakaa na simu mkononi nikisubiri matusi. Nilikuwa na majibu yote, nimeyapanga tangu siku ya msiba.

Hakutukana. Nikadhani ameshanifuta. Kisha akaandika:

"Ni ile aliyokuwa akitia binzari nyingi?"

Na baadaye kidogo: "Nitumie moja, shoga. Moja tu."

Chupa ninayo. Mdogo wangu aliniletea kwa mkono wa abiria, iko jikoni kwangu, sijaifungua. Niliitazama, nikakumbuka simu ya msiba ambayo hakurudi kupiga, nikamwandikia maneno mawili.

"Mei you."

Alitakiwa kuuliza mara ya pili tu. Mpaka leo hajauliza.