Kanda Iliyohifadhiwa Pamoja na Mbegu

Leticia nimemjua tangu anabebwa mgongoni kule Uchindile. Mimi ni mtu wa kutembea, na kwa mama yake, Yosefina, nimelala siku nyingi kuliko kwangu. Leticia alisoma, akapata kazi Ifakara kwenye ofisi ndogo ya kupima mashamba. Alitunza seva, kompyuta kubwa yenye vipimo vyote, na kuvinakili kwenye kanda, kitu kama kaseti nene isiyo na muziki. Kanda moja ilikaa ofisini. Nyingine aliipeleka kwa mama yake mlimani, ambako mafuriko hayafiki.

Masika haya radi iliua seva, na mvua hiyohiyo ikapenya paani ikalowesha kanda ya ofisini. Kule Kivukoni, kijiji cha bondeni, maji yaling'oa mawe ya mipaka. Wakulima wa mpunga wakasema mpaka uko kule, wafugaji wakasema uko huku, na mtu mmoja alishakatwa panga mkononi. Kikao kikapangwa Alhamisi, vipimo visomwe mbele ya wote.

Jumanne nilishuka na treni, kanda ya mlimani ikiwa kwenye kikapu changu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wako huu."

Leticia akaupokea kwa mikono miwili. Akaunga mashine ya kusomea kanda kwenye kompyuta nyingine, akaingiza kanda, akaandika amri. Ikanguruma, ikasita, ikaandika kwa Kiingereza kwamba imeshindwa kusoma.

Bwana Evod, mkuu wake, alichungulia mlangoni. "Leti, kaseti yako inaimba au haiimbi?"

"Bado, bosi."

Alibadilisha waya. Vilevile. Akaingiza kanda mpya tupu, akaandika humo, akasoma, ikasoma vizuri. Nikaona uso wake unabadilika. Nikamwuliza, si ndiyo habari njema?

"Hapana, babu. Mashine ni nzima. Kanda ninayoihitaji ndiyo mbovu."

Akasoma kumbukumbu za makosa ndani ya kompyuta, nazo zikasema hivyohivyo. Taa ya njano ikawaka, maana yake mashine ni chafu. Akaingiza kanda ya kusafishia, akaitoa. Ilitoka na weusi. Akanusa, akachukua simu.

"Mama, ile kanda ulikuwa unaiweka wapi?"

"Si pale kichanjani, juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi. Hapo panya hafiki, funza hagusi. Ningekiweka wapi kitu chako cha thamani?"

"Sawa, mama."

"Kuna ubaya?"

"Hakuna, mama. Asante kwa kuitunza."

Miaka minne ya moshi na joto. Akakata simu, akarudi kwenye mashine.

Vipimo vilipangwa kwenye kanda fungu baada ya fungu. Jumatano nzima alisoma kidogo, akasafisha, akasoma tena. Fungu la kwanza likatoka. La pili, la tatu. Vya Kivukoni vilikuwa fungu la nne. Hapo kanda ikakataa. Aliiambia kompyuta iruke palipoharibika na kuchukua panaposomeka. Ikaleta matundu matupu.

"Jaribu tena," akasema Evod.

"Kila nikiivuta inazidi kukwanguka, bosi. Inaweza kukatika."

"Na tusipoivuta, kesho tunasoma nini?"

Akaivuta. Tukasikia mlio mfupi, kisha mota ikazunguka bure. Leticia akaitoa kanda; ilikuwa imekatika. Evod akatoka.

Alhamisi asubuhi Evod akamwambia Leticia, "Sema tu umeme ulikatika. Tutapata muda."

Leticia akaenda kikaoni. Alisimama mbele ya watu. "Nina vipimo vya mashamba ya huko juu. Vya Kivukoni vimepotea. Nilikuwa navitunza mimi."

Masalu, mzee wa wafugaji, akauliza taratibu, "Binti, hukumbuki hata kimoja?"

"Ni namba nyingi, mzee. Sikumbuki."

Salvatory, msemaji wa wakulima, akainuka. "Basi sisi kesho tunalima."

"Na sisi kesho tunalisha," akasema Masalu.

Wote wawili walitaja ardhi ileile. Leticia akawafuata hadi nje, akimwita huyu, akimwita yule, akiwaomba wiki moja tu akapime upya. Wa mpunga walishapanda baiskeli zao. Wa ng'ombe walikuwa wanaondoka kwa miguu, na hakuna aliyegeuka.