Kaka Yangu Ndiye Mfano wa Kata, Lakini Amerudia Unga

Admin, nifichie jina, na kata yetu usiitaje kabisa. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, fundi cherehani hapa Mwanza mjini. Sijaolewa, naishi na kaka yangu ambaye nitamwita Shija. Kwetu ni Magu. Baba alifariki nikiwa mdogo na Shija ndiye aliyenilea kama mzazi, kwa hiyo msinishangae nikiandika kwa uchungu.

Shija alikuwa anakatisha tiketi stendi ya Nyegezi. Huko ndiko alikojifunzia kuvuta unga, hizi dawa za kulevya. Sitarefusha, wenye teja nyumbani wanajua. Aliuza simu yangu, akauza sufuria, mpaka siku moja akaenda Magu kumsalimia mama, akaondoka na godoro analolalia mama. Mama akalala kwenye mkeka, wala hakumwambia mtu.

Mwaka jana kata yetu ikaanzisha mpango wa kusaidia waraibu. Sikuamini, maana tulizoea kuona wanakamatwa, wanalala mahabusu, wanarudi kijiweni. Lakini afisa maendeleo ya jamii, mama mmoja mpole sana, aliwafuata kijiweni kwa miguu yake, akakaa nao chini wakaongea. Shija akakubali kwenda kliniki kunywa methadone, dawa ya kutuliza hamu ya unga, kila asubuhi. Haki ya Mungu, alibadilika! Akanenepa, akaanza kucheka, akawa ananisaidia kupiga pasi nguo za wateja. Kwa hilo nawashukuru na sitawakana.

Tatizo lilianza viongozi walipomwona amependeza. Wakamvalisha fulana ya kampeni, wakawa wanampandisha jukwaani kila mkutano. "Shija, waambie wananchi ulikuwa nani!" Anasimulia habari ya godoro la mama, watu wanacheka. Mara wanambeba kwenye gari asubuhi kwenda kata nyingine, dozi ya siku hiyo inampita. Aliporudi stendi kuomba kazi wakamwambia sura yake inajulikana mno, abiria watashika mabegi yao. Mtaani watoto wakamwita Teja la Serikali. Nilimwambia mtendaji wa kata, "Baba, mpumzisheni." Akanijibu, "Dada, kaka yako anaokoa vijana wa wenzako."

Mwezi uliopita nilitoka gengeni nikamkuta chumbani anavuta. Nikakaa mlangoni. Akaniambia, "Mdogo wangu, kila nikisimulia pale juu, mwili unakumbuka. Nashuka jukwaani nina arosto ya unga, na wao wananipigia makofi."

Nilimkimbilia yule mama wa maendeleo. Alilia kuliko mimi. Akasema, "Mlete kliniki, kuteleza ni sehemu ya ugonjwa, hawatamfukuza." Lakini Shija hataki kusikia. Pale kliniki ukutani wamebandika picha yake kubwa akitabasamu. "Nipange foleni chini ya sura yangu mwenyewe? Wale niliowashawishi waje wataniangaliaje?" Nimembembeleza, nimemfokea, nimepiga magoti. Hatoki ndani.

Sasa kuna ugeni mkubwa unakuja wiki ijayo kukagua mpango. Mtendaji anajua kila kitu. Aliniita ofisini akafunga mlango. "Tutasema Shija ana malaria. Wewe utasimama kwa niaba ya familia, utoe ushuhuda jinsi kaka yako alivyopona."

Nikamuuliza, "Na kaka yangu mwenyewe?"

"Ugeni ukipita tutaangalia."

Nilitamani kumrushia kiti. Mtu anaharibika chumbani, halafu tunasubiri ugeni upite!

Nilidhani mama wa maendeleo atanitetea. Naye aliinamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna wakubwa ambao tangu mwanzo walitaka mateja wafungwe tu. Wakisikia mfano wetu ameanguka, watasema mpango ni upuuzi, na wenzake ambao bado wanakunywa dawa wataanza tena kukimbizwa. Nawajua vijana hao. Mmoja ni mtoto wa jirani yangu, ameanza kushona viatu, mama yake ananibariki kila tukionana.

Na mama yetu huko Magu hajui lolote. Ameshatoa shukrani kanisani. Jana alinipigia simu anauliza siku ya ugeni avae kitenge gani, kwa sababu mtendaji amemwalika na yeye akae mbele.

Nikisema uongo, namzika kaka yangu akiwa hai ili watu wapige makofi. Nikisema ukweli, namvua nguo mbele ya mama, na pengine nawaponza watoto wa wenzangu. Nikikaa kimya nyumbani, watamtafuta mwingine wa kusema. Leo Shija ameniuliza kupitia mlangoni, "Utakwenda?" Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliouguza mtu wa namna hii, msinitukane, niambieni: wakinipa kipaza sauti, niseme nini?