Baba na Sensa Aliyoing'arisha kwa Ndimu

Gari letu lilikuwa likikanyagwa mafuta linasita, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni kufanya hesabu. Kila mtu nyumbani alikuwa na tiba yake. Kwa bahati mbaya, bisibisi alikuwa nayo baba.

Baba anang'arisha vyombo vya shaba hapa Tabora. Watu wakiwa na harusi humletea mabuli na masinia yaliyoota ukijani, naye anayasugua kwa ndimu na majivu mpaka unaweza kujichokoa meno ukijitazama humo. Hajui uchafu usiosuguliwa. Gari lile limeshauzwa, na bibi siku hizi hatoki nje ya mtaa. Nikisikia harufu ya ndimu nacheka peke yangu.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Bibi, mama yake baba, alikuwa barazani tangu asubuhi, kanga mpya, chupa ya asali ya Sikonge mapajani. Mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki, alikuwa Urambo, na kesho yake alfajiri wanawe wangemhamishia Dar moja kwa moja. Bibi hapandi mabasi. Magoti yake yaligombana na ngazi zamani. Kwa hiyo ni leo, kwa gari letu, au basi tena.

"Mke mwenza, umejipamba," nikamwambia. "Unakwenda kuolewa?"

"Nakuachia babu yako. Akitaka uji usimpe kama ule wa juzi, nisije nikarudi mjane."

Baba akafungua boneti. Kwenye bomba la hewa kuna kijidude cheusi, sensa, kinachoipimia injini hewa inayoingia. Ndani yake mna kiwaya chembamba kuliko unywele. Baba alivuta nyaya zake kama anang'oa muhogo, ikatoka. Akaitazama juani.

"Vumbi tupu! Ndiyo maana."

"Mwanangu, taratibu," bibi akasema. "Hilo si sinia."

Lakini ndimu ilishakatwa. Majivu kidogo, kitambaa kidogo, halafu kucha ya kidole gumba kwa ajili ya kona. Ilirudi ndani inametameta. Gari likawaka, likatetemeka, likazima. Likawaka, likazima. Bibi aliiweka chupa chini, akaishika tena.

Nikakimbia kumwita fundi magari, jirani yetu. Alimwamkia bibi kwanza, "Shikamoo mama," kisha akaichomoa sensa na kuinusa.

"Kaka, umeisafisha na nini?"

"Ndimu tu. Kidogo."

"Na kitunguu hukutia? Tungekula kachumbari." Akatuonyesha kiwaya kilichokatika. "Hapa hapaguswi. Unabonyeza kibano, unashika plagi, nyaya unaziacha. Kuna dawa yake ya kupuliza. Unapuliza, unaacha ikauke yenyewe. Si kitambaa, si kidole, na si wewe, kaka yangu."

"Mpya je?"

"Mpaka iagizwe." Akamtazama bibi, akashusha sauti. "Iacheni bila plagi. Injini itakisia hewa yenyewe. Litakwenda, ila msilikimbize."

Likaenda, kama tunaweza kuita kule kwenda. Njia ile zamani wapagazi waliipita na pembe za ndovu mabegani. Nadhani nao wangetupita. Baiskeli yenye magunia ya mkaa ilitupita, mwenyewe akatupungia mkono. Baba alikaza macho mbele, vidole vyeupe kwa majivu. Kila tulipopanda kilima bibi alijisogeza mbele kwenye kiti, kama anayesaidia kusukuma.

Tulifika jua likizama. Mdogo wake alikuwa amekalia godoro lililofungwa kamba.

"Umechelewa," akasema.

"Na wewe umezeeka," bibi akamjibu.

Wakacheka mpaka wakashikana mikono, wakaingia ndani na asali yao. Baba na mimi tulilala garini.

Alfajiri wale watoto wa Dar walileta gari lao, jipya, likanguruma kwa ufunguo wa kwanza. Bibi alisimama akiwa ameshika kitasa cha mlango wa upande wa mdogo wake, mpaka dereva akamwomba kwa adabu aachie. Gari likaondoka. Vumbi lilipotua akamgeukia baba.

"Na lile ungelisafisha kwa ndimu, mwanangu."

Baba akaangua kicheko. Bibi hakucheka.