Bomba la Mwana wa Wambeti

"Kwani, Mama Rwamba, mtu hukaa Nairobi miaka yote hiyo akijifunza kukaza nati?"

Aliyeuliza ni Wambura, jirani ya Wambeti, na foleni nzima ya maji ikaangua kicheko. Wambeti naye akacheka.

"Cheka tu, mwenzangu. Uhandisi wa mitambo si nati. Siku moja mashine yake itakuvutia maji nawe umekaa, miguu umenyoosha."

Ilikuwa Emajensi, ile miaka ya hali ya hatari Waingereza walipopigana na Mau Mau. Watu wa Embu walikuwa wamesongamanishwa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki, na mtoni walikwenda kwa saa ya kupewa, askari nyuma yao. Wambeti alikuwa mjane, na mwana alikuwa huyo Rwamba mmoja tu.

Rwamba alipokuja likizo akamwona mamake akirudi na mtungi nusu. Akaokota kipande cha bomba, akatafuta springi, komeo la mlango na raba, akakaa nyuma ya nyumba akikata na kupiga tupa.

"Tukichimba kisima hapa ndani, Mama, hiki kitavuta maji hadi juu."

Lakini msituni nako wapiganaji walitengeneza bunduki kwa bomba, springi na komeo. Kila mlinzi wa serikali alilijua hilo. Mama hakulijua, na kijana, aliyekuwa mbali vitabuni, hakulifikiria.

Msako ulifika asubuhi Rwamba alipokuwa kwa chifu, akiomba pasi ya kurudi chuoni. Mlinzi mmoja, Mbaka, akakiinua kile chombo.

"Hiki cha nani?"

"Cha mwanangu!" Wambeti alijibu, uso ukimng'aa. "Amekitengeneza kwa mikono yake. Na atatengeneza vingine, kila nyumba ipate chake."

"Vingine?" Mbaka akauliza polepole.

"Vingi, baba!"

Walimkamata Rwamba palepale kwa chifu. Mamake akawafuata akilia, akieleza habari za kisima, lakini kisima chenyewe kilikuwa hakijachimbwa. Chuo kikafunguliwa bila yeye. Katika kambi ya wafungwa akashikwa na homa ya matumbo, na Bwana akamchukua.

Wambeti hakuacha kanisa. Ila nyimbo zilipoimbwa, midomo yake ilicheza bila sauti.

Baadaye aliitwa ofisini kwa serikali. Karani akamsomea kwamba marehemu alikuwa mtengeneza bunduki, kisha akamuuliza kama ana la kusema. Wambeti akashika ukingo wa meza.

"Mwanangu amekwisha kwenda. Naomba tu muandike kwamba lile bomba lilikuwa la maji."